Goti Lilipokataa Ngoma

Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kucheza ngoma. Nasema kazi kwa sababu ndiyo iliyoniamsha asubuhi na ndiyo iliyonilaza hoi jioni, ingawa mama mwenye nyumba wangu, siku nilipohamia kwake, alinisikiliza hadi mwisho kisha akauliza upya, "Haya mwanangu, lakini hasa unafanya kazi gani?"

Kikundi chetu kilicheza ngoma za Kisukuma, na iliyotupa jina ni bugobogobo, ngoma ya majembe. Mnajipanga kwenye mistari kama walioko shambani, mnainama, mnapiga mguu chini, jembe linazungushwa, linarushwa juu, linadakwa, na yote hayo hayatakiwi kukatisha mdundo. Mimi si Msukuma. Wazazi wangu ni Wahaya, Walutheri, waliokuja Mwanza kutoka Kagera Baba alipohamishiwa kufundisha hesabu sekondari. Alipostaafu alijenga Usagara, karibu na pale barabara zinapogawana, akawa mzee wa kanisa. Nilipomwambia kwamba nimeacha masomo ya uhasibu ili nicheze ngoma, hakunigombeza. Alivua miwani, akaifuta, akasema, "Babu yako alilima ili mimi nisome. Nami nimekusomesha ili ukalime kwa muziki." Toka siku hiyo hakuuliza tena habari za ngoma, na hakuwahi kuja kunitazama hata mara moja. Nikienda kuwasalimia, tuliongea habari za mvua, za migomba yake iliyokataa kustawi kwenye udongo wa Usagara, za bei ya sukari. Mama ndiye aliyenifuata jikoni na kuninong'oneza, "Unakula vizuri huko?"

Watu wakiona ngoma wanaona kucheza tu. Kusubiri hawakuoni. Tulikuwa tunaitwa kupokea wageni wakubwa. Tunafika asubuhi, tumevaa, tumefunga njuga miguuni, jua linapanda hadi utosini, linaanza kushuka, ndipo msafara unafika, mgeni anapunga mkono kupitia dirishani, anapita. Kwenye harusi tulikalishwa nyuma ya turubai, karibu na masufuria, tusubiri emsii atuite, na sahani zetu zilikuja wageni wakishaanza kuchokonoa meno. Wako wanaume waliokuja kututuza na mikono yao ikapotea njia. Unatabasamu, kwa sababu bwana harusi amelipia tabasamu pia.

Haya yote nilishayazoea. Adui niliyeshindwa kumzoea alikuwa sakafu. Ngoma ile ilizaliwa shambani, na udongo unakupokea ukitua. Sisi tuliichezea kwenye saruji, kwenye lami, na kila Jumapili mchana kwenye vigae vya hoteli moja ya ufukweni. Uwanja wao ulijengwa juu kidogo ya ziwa, katikati ya miamba. Ndege aina ya korongo walisimama juu ya mawe wakisubiri mifupa ya sangara kutoka mezani, na watoto wa wageni walipita mbio wakitoka kuogelea, wakidondosha maji kila mahali. Jumapili moja niliruka, nikatua kwenye maji hayo, mguu ukaenda huku na mwili ukaenda kule. Sikuanguka. Ila ndani ya goti la kulia nilisikia kitu kimehama, kama mlango uliochomoka kwenye bawaba. Nilimaliza mchezo. Nilinyonga kiuno, nikadaka jembe, nikainamia wageni. Kisha nikaenda nyuma ya jiko la hoteli, nikakaa juu ya kreti ya soda, nikalishika goti kwa mikono miwili.

Sikumwambia mtu. Kiongozi wetu, tuliyemwita Mwenyekiti, hakuwa mtu mbaya, lakini kila tulipofanya mazoezi palikuwa na wasichana wamesimama pembeni, wanatutazama miguu, wanafuatisha hatua kimyakimya. Kila mmoja wetu aliingia kikundini kwa mlango huo. Nilijua nafasi ya mtu anayeumwa hukaa wazi kwa muda gani.

Aliyenigundua ni mwenzangu wa mstari, msichana kutoka Magu, mtoto wa wakulima wa pamba, aliyecheza kushoto kwangu. Mimi nilikuwa wa pili kutoka kulia, mstari wa mbele, na yeye alinifuata. Alikuwa mdogo kwangu na aliniita dada. Chumba changu kilikuwa mlimani, kati ya yale mawe makubwa ya Nyamagana ambayo watu wamejenga nyumba juu yake na chini yake, na ili ufike kwangu unapanda ngazi zilizochongwa kwenye mwamba. Siku moja alinipitia twende mazoezini, akaniona nashuka upande upande, nimeshika ukuta wa jirani.

"Dada, goti?"

"Limekaza tu. Baridi."

"Mwanza hii baridi imetoka wapi?" Akapanda hadi nilipokuwa, akachuchumaa pale pale kwenye ngazi, akalibonyeza kwa vidole viwili. Nilipiga ukelele. Akanyanyua uso. "Tangu lini?"

"Tangu ile Jumapili ya hotelini."

"Na bado unaruka?"

"Ukimwambia Mwenyekiti, usiniite dada tena."

Hakumwambia. Badala yake alichana kitenge chake kimoja akatoa vitambaa virefu, na kabla ya kila onyesho alinifunga goti kwa nguvu, akaishusha sketi ivifunike. Alijifunza kucheza kwa kunilinda. Tulipogeuka, aligeuka mapema ili nisilazimike kuzunguka sana. Niliporusha jembe vibaya, alisogea kunipa nafasi ya kulidaka. Nilikwenda kwa mama mmoja anayekanda kwa mafuta, nikaenda kwenye zahanati wakanichoma sindano ya maumivu, na siku za sindano nilicheza vizuri sana, vizuri kupita kiasi, kwa kuwa mwili hauna akili ukinyamazishwa. Nadhani zile siku nzuri ndizo zilizonimaliza.

Mwisho ulikuja Magu, kwenye harusi ya mfanyabiashara mmoja wa mchele. Mwenzangu alifurahi, kwa sababu ni kwao, na nyumbani kwao ni jirani na pale penye sherehe. Mama yake alitutembelea nyuma ya turubai akiwa amebeba viazi vya kuchemsha, akatusalimia kila mmoja kwa Kisukuma, "Mwangaluka mayu," na sisi tukaitikia. Ardhi ya pale ilikuwa udongo mtupu, mkavu, umepigwa ufagio vizuri. Nilivua viatu nikaukanyaga nikasema moyoni, leo goti litapumzika.

Tuliingia. Ngoma zilikuwa kali siku ile. Wapigaji wawili walikuwa vijana wa huko huko na walitaka kujionyesha mbele ya watu wao. Tukafika pale tunaporuka wote pamoja na kutua kwa goti moja. Nikatua. Nilipotaka kuinuka, goti halikunyooka. Lilijifunga, kama limefungwa kwa kufuli. Nikalilazimisha, nikasikia sauti ndani yake, nikaanguka kwa ubavu, na jembe likaruka mbali likagonga kigingi cha turubai.

Watu wakashangilia. Walidhani ni mchezo. Vigelegele vilipanda, na emsii akapaza sauti kwenye spika, "Mkulima kachokaaa!" Umati mzima ukacheka. Nilijaribu kuinuka tena, nikashindwa, wakacheka zaidi. Mwenzangu alikuja mbele yangu akicheza, akageuza mgongo kwa wageni kana kwamba ananitania, na chini ya kelele ile akaniambia kwa meno yaliyofungwa, "Dada, tumia makalio. Mabega yacheze. Toka, toka, mimi niko hapa." Basi nikatoka hivyo. Nilijiburuta kwa makalio kwenye udongo wa Magu, mguu mmoja umekunjwa, mabega yanacheza, meno nje, machozi yakinishuka na watu wakidhani ni jasho. Yeye alicheza akinizunguka na kunifunika mpaka nikafika nyuma ya turubai. Pale mama yake alinipokea, akaniweka kichwa mapajani. Alinifuta vumbi usoni kwa khanga yake.

Baadaye, wageni wakiwa wanakula, Mwenyekiti alikuja kunitazama. Goti lilikuwa limevimba ukubwa wa papai. Alisikitika, namwamini. Lakini kabla hajaondoka alisema, nusu utani, "Ile ya mkulima kuchoka, umeona walivyoipenda? Ingefaa tuiweke kwenye mchezo." Mwenzangu alisimama akaondoka. Mimi nilicheka kidogo, kwa mazoea.

Kesho yake, tuliporudi Mwanza, sikuweza kupanda ngazi kwenda kwangu. Nilimpigia Mama, na aliyekuja kunichukua ni Baba. Alikuja na bajaji, amevaa koti lake la kanisani. Alinipeleka hospitali, akakaa nami foleni kutwa nzima, akininunulia maji, akiniuliza tu kama nasikia njaa. Daktari alikuwa kijana mpole. Alitazama picha za goti, akalikunja, akalikunjua, akatueleza taratibu kwamba ile nyama laini inayokaa kati ya mifupa imechanika, na mshipa unaoshikilia goti umelegea vibaya. Upasuaji ungeweza kufanyika, alisema, na ungesaidia nitembee vizuri.

"Na kuruka?" nikauliza.

"Unafanya kazi gani?"

Nikamtazama Baba. Alikuwa anatazama ukuta. "Nacheza ngoma," nikasema.

Daktari akaziweka picha mezani. "Kutembea, utatembea. Kazi ya kukaa utafanya vizuri tu. Lakini kuruka na kutua, hapana, dada yangu. Nisikudanganye."

Nikasikia Baba akivuta pumzi ndefu na kuiachia, kama mtu aliyetua mzigo. Akamshika daktari mkono kwa mikono yake yote miwili. "Tunashukuru, daktari," akasema. "Tunashukuru sana."

Sijui kama alijua alivyosikika. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi na bado sijui.

Nilikwenda kukaa kwao Usagara. Siku ile nilipofika Mama alikuwa amepika ndizi na maharage kwa samli, na sato mzima juu, chakula cha sikukuu. Alikuwa anaimba nyimbo za kanisani, sauti yake ikitoka jikoni ikijaza nyumba. Tulipokaa mezani Baba aliomba kwa Kihaya, jambo analolifanya akiguswa. Alimshukuru Mungu kwa kumrudisha mtoto wao nyumbani, kwa njia zake zisizochunguzika. Mama akasema amina. Wote wawili wakanisubiri. Nikasema amina. Nilikula, kwa sababu chakula kilikuwa kitamu na mimi nilikuwa na njaa, lakini kila tonge nililomeza nilijua kwamba niko kwenye karamu ya msiba wangu mwenyewe na mfiwa ni mimi peke yangu.

Siwalaumu. Walikuwa wamehofia miaka yote ile: nitalewa, nitapata ugonjwa, nitapata mtoto asiye na baba, nitazeeka bila kitu. Sasa hofu yao ilikuwa imekaa mbele yao, ina afya, inakula ndizi, na kilichoharibika ni goti tu. Ni nani asingemshukuru Mungu?

Upasuaji ulifanyika, ukafanikiwa kama daktari alivyoahidi. Wakati napona, Mwenyekiti alikuja kunitazama. Alileta machungwa na kilo za sukari. Alimwamkia Baba, "Shikamoo mwalimu," Baba akaitikia, "Marahaba," akatuachia sebule. Tukaongea hili na lile. Kisha akaanza kuzungusha kofia yake mikononi, na mimi nikajua alichokuja kusema. Nguo za jukwaani zilikuwa za kikundi. Zangu nilikuwa bado nazo, na walikuwa na onyesho. Nikamwomba Mama alete mfuko. Ndani yake mlikuwa na sketi, shanga za kifuani na njuga. Mwenyekiti alipouchukua, njuga zililia, na Mama aliyekuwa mlangoni alishtuka.

"Siyo kwamba tumekufukuza," Mwenyekiti akasema.

"Najua."

"Nafasi yako tumempa mwenzako. Ndiye anayeijua."

"Ndiye," nikasema.

Wiki iliyofuata mwenzangu mwenyewe alikuja. Alisimama uani kama mtu aliyekuja kukopa na haya imemjaa. Alisema alikuwa anashindwa ule mzunguko wa kudaka jembe kwa nyuma ya mgongo, kwa sababu siku zote aliutazama kutoka kushoto. Nilimwambia achukue jembe la Mama pale ukutani. Nikakaa kwenye kiti chini ya upenu, mguu nimeuweka juu ya stuli, nikamfundisha kwa mdomo na kwa kupiga makofi. "Usilitazame. Sikiliza, litakuja lenyewe. Bega lako chini. Chini zaidi." Alikosa, akakosa tena, akapata. Alipopata alitabasamu, halafu akanikumbuka, akaacha kutabasamu. Nilimwambia arudie. Hadi anaondoka alikuwa anaupata kila mara, na kusema kweli alikuwa anaufanya vizuri kuliko nilivyoufanya mimi. Nilimsindikiza kwa macho hadi barabarani. Nilikaa pale pale kwenye kiti mpaka Mama akaja kuniambia mbu wameingia.

Mwisho wa msimu wa mvua, usharika wa Baba ulikuwa na sherehe ya mavuno, na kamati ikaamua kukaribisha kikundi cha ngoma kabla ya mnada wa mazao. Kikundi walichokiita kilikuwa chetu. Baba alikuwa mmoja wa wazee, hakuweza kukataa wala kukosa. Tulikaa mstari wa mbele, Mama kushoto kwake, mimi kulia, kwenye viti vya plastiki. Nilikuwa nimeshaanza kutembea bila fimbo.

Walipoingia, mwili wangu uliinuka kabla yangu. Mapaja yalikaza, mabega yakajiweka, na goti likanichoma kunikumbusha. Nikakaa vizuri. Baba alikuwa amekunja mikono kifuani. Mistari ikapangwa, ngoma zikaanza. Baada ya muda aliinama upande wangu, bila kugeuza uso.

"Wewe ulikuwa unasimama wapi?"

Sikuelewa mara moja. Katika miaka yote ile hilo lilikuwa swali lake la kwanza.

"Pale," nikamwonyesha. "Wa pili kutoka kulia."

Akafungua mikono, akavaa miwani. Toka hapo hakumtazama mtu mwingine. Alimfuata mwenzangu kwa macho kila alikokwenda, alipoinama aliinamisha kichwa kidogo, na jembe liliporushwa juu aliliangalia likizunguka na jua likimetameta kwenye bapa lake, akashika ukingo wa kiti. Likapita nyuma ya mgongo, likadakwa. Baba akaachia kiti. Walipofika pale pa kuruka na kutua kwa goti moja, niliangalia pembeni, nikatazama mikungu ya ndizi na magunia ya mpunga yaliyopangwa kwa ajili ya mnada. Nilisikia kishindo cha kutua kwao, cha pamoja, kama mtu mmoja mkubwa.

Baada ya ibada na mnada Baba alipewa nafasi ya kutoa neno la shukrani. Aliishukuru kwaya, akawashukuru akina mama wa jikoni, akawashukuru wageni. Kikundi cha ngoma alikisahau, ikabidi mchungaji amnong'oneze. Akasema, "Na hao vijana wetu. Mungu awalindie viungo vyao." Watu wakacheka kidogo, hawakujua wanamcheka nani wala kwa nini. Yeye hakucheka.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, Mama ametangulia na jogoo aliyemnunua mnadani. Baba alipunguza mwendo kunisubiri. Malori yalikuwa yanapita kwenda Shinyanga, na kila likipita tulisimama kando mpaka vumbi litulie. Kati ya lori moja na jingine akasema, "Ningekuja."

"Wapi, Baba?"

"Kukuona. Ningekuja hata mara moja." Akakohoa vumbi. "Nilikuwa najiambia muda bado upo."

Nilitaka kumwambia hakuna neno, lakini lilikuwepo neno, na yeye alikuwa amenifundisha tangu utoto kwamba jibu lisilo sahihi ni afadhali uache wazi. Tukatembea. Nyumbani Mama aliuliza tumeionaje sherehe, na Baba akasema mnada ulikwenda vizuri.

Siku hizi nafanya kazi mjini, kwenye duka la kudurufu na kuchapisha karatasi, karibu na stendi. Nakaa kutwa nzima. Nilihama kule mlimani, nimepanga chumba mahali tambarare. Kazi haina ubaya. Tajiri wangu ni mwanamke mstaarabu na mashine inapiga kelele yake ile ile tangu asubuhi hadi jioni, tak, tak, tak, na mara nyingine mguu wa kushoto, ulio mzima, unaanza kuifuatisha chini ya meza. Nikiushtukia nauzuia. Wateja wakiniuliza kabla ya hapa nilikuwa wapi, nawaambia nilikuwa nyumbani tu, nilikuwa naumwa.